Hodi ya Nne

Wapendwa wasomaji, nitaisimulia nchi yangu kwa upesi kidogo, kwa sababu nje ya dirisha hili kuna greda linasubiri kuwashwa, na nisingependa likatize maelezo yangu kabla sijafika kwenye mambo mazuri. Mambo mazuri ni mengi.

Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Karibu. Kwenye nembo ya taifa kuna mkeka, kikombe cha maji, na mlango ulio wazi. Mlango huo ulirudishwa kidogo mwaka juzi nembo ilipokarabatiwa, lakini Wizara imetufafanulia kwamba ni kivuli cha rangi tu.

Hatuna dhahabu wala mafuta. Tuna vyumba vya uani. Tangu enzi za mababu watu wetu wameishi kwa kulaza wasafiri, usiku mmoja, siku mbili, wiki. Msafiri akishuka stendi alimuuliza muuza maandazi yeyote, naye alimwelekeza kwa kidevu, mikono ikiwa na unga. Msafiri alifika mlangoni akaita hodi. Akiitikiwa, aliingia, akapewa maji kabla hajaulizwa jina. Asipoitikiwa mara tatu, aliondoka kimya kimya, hata kama aliona moshi jikoni. Hodi ya nne kwetu haipigwi. Hodi ya nne ni ya mtu aliyeleta habari ya msiba.

Mimi naitwa Tusekile. Nina shahada ya Utawala wa Ukarimu, na nilipoajiriwa Wizara ya Mwonekano kama Mhakiki wa Hodi nililia kwa furaha mbele ya mtu wa masjala. Nilipewa koti la kijivu lenye vifungo saba. Niliamini, na kwa sehemu kubwa bado naamini, kwamba fomu nzuri ikijazwa vizuri inaweza kumwokoa mtu.

*

Mwaka ule ule Waziri wetu, Mtukuka Kibangala, alizindua Ubao.

Ubao ulisimamishwa stendi, mrefu kuliko mnara wa simu, ili kila nyumba inayolaza wageni iandikwe jina, na msafiri achague mwenyewe kwa macho yake. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nne. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Ndugu wananchi!" alisema Mtukuka. "Zamani mgeni wetu alielekezwa na nani?"

"Muuza maandazi!"

"Muuza maandazi ana shahada?"

"Hanaaa!"

"Anaelekeza kwa kidevu! Taifa linaongozwa na kidevu! Kuanzia leo, nyumba ya tajiri na nyumba ya mjane zitasimama kwenye Ubao mmoja, bega kwa bega, kwa usawa kamili, katika madaraja manne."

Madaraja yenyewe yalikuwa Jua, Mwezi, Nyota na Kibatari. Mwenye nyumba aliyetoa Mchango wa Nuru aliandikwa juu, kwa herufi kubwa kadiri ya mchango wake. Asiyetoa aliandikwa Kibatari, bure kabisa. Hakuna aliyelazimishwa. Waziri alisisitiza kwamba kupanda daraja ni hiari, kama kupumua.

Tatizo dogo lilikuwa nafasi. Herufi za daraja la Jua zilikuwa na kimo cha mtu mzima, na baada ya nyumba kumi na mbili Ubao ukajaa. Kuurefusha kwenda juu hakukuwezekana, kwani juu palikuwa na picha ya Mtukuka. Wahandisi wakaurefusha kwenda chini. Walichimba shimo miguuni pa Ubao, majina ya Kibatari yakateremshwa humo, na ngazi ikawekwa. Jina rasmi la shimo ni Kina cha Fursa. Msafiri aliyetaka kusoma majina ya kule chini alijaza fomu, akaja na taa yake, na kuthibitisha kwa maandishi kwamba haogopi nyoka. Katika miezi minne ya kwanza waliteremka watatu. Wawili walipanda wakisifu ubaridi. Wa tatu, tuliambiwa, alipata malazi.

Watu walipanda madaraja kwa hamasa kubwa. Na kila walipopanda wengi, Wizara iliongeza daraja juu yao ili wasisongamane: Jua Kuu, kisha Jua la Majua. Aliyelala Mwezi aliamka yuko pale ilipokuwa Nyota. Aliyelala Nyota aliamka shimoni.

Mzee Ngwandu wa Mtaa wa Mchaichai aliuza kitanda chake cha wageni ili alipie Mwezi. Mpango ulifanikiwa. Wageni walikuja, akawapokea kwa machozi ya shukrani, akawaonyesha sakafuni mahali kilipokuwa kitanda.

"Kilikuwa kitanda kizuri," aliwaambia. "Mti wa mninga. Mngelala hapo mngenishukuru."

Wageni waliandika kwamba hawakuridhika, na Mzee akateremshwa shimoni, mara hii bila kitanda.

Mtu mmoja aliuliza kwenye mkutano: ili nipande daraja lazima nisifiwe na wageni, ili nipate wageni lazima nionekane, ili nionekane lazima nipande daraja, je, hilo si duara? Mtukuka alicheka kwa upole wa baba.

"Siyo duara, ndugu yangu," alisema. "Duara halina juu."

*

Kisha ukatoka Waraka Namba Tisa: *Nyumba isiyosomeka Ubaoni haionekani.*

Nadhani waliouandika hawakutegemea utekelezaji wa haraka vile. Lakini raia wa Jamhuri ya Karibu ni watii kupita kiasi. Waraka ulibandikwa saa nne asubuhi, na kufika adhuhuri macho yalikuwa yameshatekeleza. Mtu wa bili za maji aliruka nyumba tatu bila kujua. Watu walijigonga paji la uso kwenye hewa tupu wakarudi nyuma wakiomba radhi. Zahanati ilifungua daftari jipya, Ajali za Upepo.

Wizara ikaweka utaratibu wa haki, nao ndio uliokuwa kazi yangu. Nyumba ya Kibatari iliyokaa siku arobaini bila mgeni hutembelewa na Mhakiki, ambaye ana orodha ya shimoni na hivyo bado anaiona. Mhakiki huita hodi mara tatu. Akiitikiwa, nyumba ipo. Asipoitikiwa, huandika *Haipo*, na nyumba hufutwa hata shimoni.

Hapa sina budi kueleza mchango wangu mwenyewe.

Katika wiki za kwanza nilihakiki pia nyumba za Jua, ambako hodi yangu ilijibiwa kwa tarumbeta na kikundi cha ngoma, "Karibu! Karibu!" kupitia vipaza sauti. Kwenye nyumba za Kibatari niliitikiwa na vikongwe wenye sauti kama ukurasa unaofunuliwa. Nikaona wenzangu wanaandika alama kubwa kwa sauti kubwa. Moyo uliniuma. Sikulala. Nikaandika pendekezo la kurasa kumi na moja: Mhakiki azibe masikio kwa pamba, ili sauti zote ziwe sawa mbele yake.

Mtukuka alilikumbatia lile pendekezo, yaani karatasi zenyewe, mbele ya wapiga picha. Aliagiza litekelezwe mara moja, kwa kuanzia kwenye nyumba za Kibatari peke yake. Nyumba za Jua zingefuata awamu ya pili. Nilipewa cheti.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Bwana Chidodo, mtumishi wa miaka thelathini aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mwenye tumbo lililomaliza vifungo vitatu kati ya saba. Alipopewa mfuko wake wa pamba aliutazama muda mrefu.

"Binti, wewe umesoma," alisema. "Nieleze na mimi wa darasa la saba. Naita hodi nimeziba masikio. Nitajuaje kama nimeitikiwa?"

"Hutajua, Bwana Chidodo. Ndiyo maana hutapendelea."

"Naandika nini sasa?"

"Unaandika ulichosikia."

"Na pamba hii inawasha."

"Awamu ya pili watatuletea laini," nikamwambia, na nilikuwa na uhakika.

*

Bi. Mwantumu wa Mtaa wa Mchaichai alikuja ofisini siku yake ya thelathini na nane bila mgeni.

Nilimjua vizuri. Nilipokuja mjini kwa usaili wa kazi nililala kwake siku tatu, chumba cha uani, kitanda cha chuma, shuka la kijani lililopigwa pasi ya mkaa mpaka likanukia moto. Alinipa maji kwenye kikombe cha bati kabla hajaniuliza jina. Siku ya usaili alinipikia chai ya mchaichai akaniambia nisikubali kuulizwa swali nikiwa na njaa. Ukutani kwake kuna rafu ya vitu walivyosahau wageni: miwani ya mwalimu mmoja, ndara ya mguu wa kushoto, kitana, mwavuli, Biblia yenye picha ya mtoto ndani. Huvifuta vumbi kila Ijumaa. Hajawahi kutupa kitu.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja tangu saa mbili. Nilimwona saa tano, pale bwana mmoja mnene alipomkalia.

"Samahani, mwanangu," nilisikia benchi likisema, "hapa pana mtu."

Bwana aliinuka, akatazama chini yake, hakuona kitu, akahamia dirisha jingine akijifuta jasho.

"Shikamoo, Bi. Mwantumu."

"Marahaba, Tusekile. Umekonda. Serikali haikupi uji?"

Nilimleta kwenye meza yangu. Kingo zake zilikuwa zimefifia kidogo, kama picha iliyoachwa juani.

"Nasikia keshokutwa mnakuja kunipigia hodi," alisema.

"Ni utaratibu tu, Bi."

"Mtapiga ngapi?"

"Tatu."

Akacheka, akapiga goti lake kofi. "Basi mimi hofu yangu nini? Nitaitika zote tatu. Nina miaka arobaini naitika hodi, hii ndiyo itanishinda?"

Mfuko wa pamba ulikuwa juu ya meza, katikati yetu. Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini pendekezo lilikuwa langu, na cheti kilikuwa ukutani nyuma yangu, na awamu ya pili ilikuwa karibu.

"Tusekile," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba ikiandikwa haipo, na mimi niliye ndani?"

"Waraka haujasema, Bi."

"Na vitu vya watu? Yule mwalimu haoni bila miwani. Siku akirudi atakuta nini?"

"Haitafika huko."

"Nakuamini," alisema. "Wewe ulilala kwangu."

*

Tulikwenda saa nne asubuhi, jua limepanda. Bwana Chidodo alibaki barabarani na daftari. Mimi nilisimama hatua kumi kutoka mlangoni kama kanuni inavyotaka, nikaziba masikio, nikaita.

Alikuwa mlangoni tayari, amevaa kanga mpya, kikombe cha bati mkononi. Nilimwona akitabasamu. Nilimwona akifungua kinywa. Sikusikia kitu.

Nikaita ya pili. Tabasamu likapungua. Akasogea hatua moja, akaitika tena, mkono kifuani.

Nikaita ya tatu. Akaitika kwa mwili mzima. Mishipa ya shingo ilisimama, maji yakamwagika kikombeni. Ndani ya masikio yangu kulikuwa na mvumo wa damu yangu mwenyewe, basi.

Kanuni inasema uandike ulichosikia. Nikainamia fomu nikaandika.

Nilipoinua macho palikuwa na kiwanja. Nyasi. Shuka moja la kijani lilining'inia hewani, bila kamba, likipepea. Nilikodoa macho, nalo likatoweka.

"Kiwanja kizuri," alisema Bwana Chidodo nilipotoa pamba. Hakunitazama. "Ila kinanukia chai."

*

Tangu hapo mji wetu ulikuwa na amani ya aina yake. Mtaa mzima wa Mchaichai ulithibitika kuwa haupo. Lakini ukipita pale mchana mweupe, hewani palikuwa na harufu ya mkaa na kitunguu kinachokaangwa, na sauti nyingi, kutoka kila upande, "Karibu. Karibu, mwanangu. Karibu." Mbwa walikaa mbele ya nyasi wakitikisa mikia. Watu walianza kuzunguka njia ya mbali. Wizara ilitoa taarifa kwamba hizo ni Mwangwi wa Ukarimu, hazina madhara, na ni ushahidi wa jinsi taifa letu lilivyojaa upendo, hata sehemu zisizo na watu.

Mimi nilipita kila siku. Sikuwahi kusikia sauti yake hata mara moja. Nilisikia zote isipokuwa hiyo.

Kisha tangazo likabandikwa: kiwanja cha Mchaichai kitasawazishwa Alhamisi, kiwe maegesho ya magari ya hoteli moja ya Jua la Majua, ambayo wageni wake walikuwa wakilalamika kwamba wanatembea.

Niliandika barua tatu kwa Mtukuka. Nilieleza kwa heshima kwamba huenda mle kuna watu. Alinijibu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo si kawaida kwa mtu wa cheo chake:

*Ndugu Mhakiki, haiwezekani kubomoa kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo hakuna kitakachobomolewa. Pumzika. Taifa linahitaji vijana wenye afya.*

Nilirudia kuisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Halikuwepo. Ilikuwa barua isiyo na kosa hata moja.

Jumatano nilikwenda peke yangu, bila daftari. Nilitupa pamba mtaroni. Nikasimama pale pale, hatua kumi.

"Hodi."

Nyasi.

"Hodi!"

Upepo ulipita. Mahali fulani sufuria ilifunikwa.

"Hodi jamani!"

Hakuna. Miguu yangu iligeuka yenyewe, kama ilivyofundishwa nikiwa na miaka mitatu. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho shahada yangu haikunifundisha: Waraka unataja hodi tatu. Kila fomu, kila kanuni, kila utii wa macho na masikio yetu umepimwa kwa hodi tatu. Ya nne haina kifungu.

Niligeuka. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupiga hodi hiyo na habari njema.

"Hodi," nikasema.

Kimya kilibadilika. Kisha sauti yake, karibu kabisa, ikitetemeka:

"Nani kafa?"

"Hakuna, Bi," nikasema, na nikaanza kulia. "Ni mimi Tusekile. Nimekuja kabla hajafa mtu."

"Ingia basi, mtoto wewe! Unatisha watu! Tangu siku ile nakuitika, koo limekauka. Ingia unywe maji."

Nikaingia.

*

Ukiwa ndani, mtaa wote unaonekana. Mzee Ngwandu yupo barazani kwake. Yupo pia mwenzangu wa darasa ambaye sikujua kwamba alikuwa na nyumba. Kila mlango una mtu, na kila mtu ana kikombe mkononi. Wameitika wapita njia miezi mitatu.

Nilijaza fomu mpya mezani kwa Bi. Mwantumu: *Nyumba ipo. Nimekunywa maji yake.* Nikagonga muhuri, nikatoka hadi barabarani kumpa tarishi. Alipita katikati ya mkono wangu kama anapita kwenye baridi, akafunga kola. Nikatazama koti langu. Vifungo saba vilikuwa vimebaki viwili, na kupitia kifuani niliona nyasi.

"Utazoea," Mzee Ngwandu aliniambia. "Mimi kinachoniuma ni kitanda tu."

Niliwaeleza kuhusu Alhamisi, na kuhusu pamba, na kwamba pamba ilikuwa yangu. Nilieleza mbele ya wote. Bi. Mwantumu alichukua kikombe changu akakijaza tena, akaenda kufuta vumbi la rafu ingawa haikuwa Ijumaa.

Leo ndiyo Alhamisi. Greda limefika saa tatu. Kanuni inataka uhakiki wa mwisho kabla ya kusawazisha, na Wizara imemtuma Bwana Chidodo. Amesimama hatua kumi kutoka dirisha hili ninapoandikia, daftari kwapani, pamba nyeupe imemjaa masikioni.

Ameita ya kwanza. Tumeitika mtaa mzima. Biblia imeanguka kutoka kwenye rafu kwa mtetemo.

Ameita ya pili. Mzee Ngwandu amepanda juu ya kiti.

Ameita ya tatu, taratibu, kama mtu anayesoma jina la marehemu. Tumeitika mpaka sauti zimetupasuka. Yeye amefungua daftari.

"Vipi mzee, niwashe?" dereva wa greda anapaza sauti.

Bwana Chidodo hajamsikia. Kalamu iko juu ya karatasi. Anajikuna sikio. Anajikuna tena, anasonya, anaingiza kidole, na pamba inatoka. Anaitazama kiganjani, anachomoa na ya pili. Ameinua pua. Bi. Mwantumu ana chai jikoni.

"Mzee! Niwashe?"

"Subiri," anasema Bwana Chidodo.

Amepachika kalamu mfukoni. Anatazama huku, moja kwa moja dirishani, kwa macho ya mtu asiyeona kitu. Bi. Mwantumu amekwenda kusimama mlangoni na kikombe chake cha bati, na ametuonyesha kwa mkono tunyamaze, sote, mtaa mzima, ili kinywa kile kikifunguka tusikie kama kinasema ya nne.